KUINUA NA KUBEBA MIZIGO BILA KUUMIA MGONGO
Mazungumzo ya afya kwa wakimbizi waishio mjini Kampala

  Wewe ambaye hukuweza kuja kwa sababu ulikuwa kazini, asante kwa kuichukua karatasi hii na kuisoma. Huenda wewe ndiye tuliyemtaka zaidi, maana kazi iliyokuzuia kuja huenda ndiyo hiyo hiyo ya kubeba.

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kipindupindu. Tunazungumza juu ya mgongo.

Mkimbizi aliye Nakivale au Kyangwali hupewa kiwanja cha kulima, hata kama ni kidogo. Wewe uliyechagua kukaa Kampala unajitegemea: kodi ya nyumba ni yako, chakula ni chako, karo ya watoto ni yako. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi, na hilo ni jambo la kushukuru kwa sababu si kila nchi inaruhusu. Lakini mtu aliyefika juzi kutoka Kivu, bila vyeti vyake na bila Kiganda, hupata kazi gani? Hupata lejaleja. Kupakua magunia ya mahindi kwenye vinu vya Kisenyi, kubeba mitumba Owino, kuhamisha katoni Kikuubo, kushusha matoke Kalerwe usiku, kupandisha saruji kwenye ghorofa linalojengwa. Mwalimu, fundi na mkulima wote wanaanzia hapo. Mtaji walio nao ni mgongo, na mgongo huo ukiharibika hakuna tajiri atakayekulipa siku ulizolala. Kesho yake asubuhi mtu mwingine atakuwa amesimama mahali pako.

Kwa hiyo tuuangalie huo mgongo. Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katikati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini katikati, kinachofanya kazi kama mpira wa kuzuia mshtuko. Visahani hivi hupata damu kidogo sana, ndiyo maana vikichanika hupona polepole kuliko nyama au ngozi. Kisahani kikibanwa upande mmoja mara nyingi, ile sehemu laini inaweza kusukumwa nje na kugusa mshipa wa fahamu. Hapo ndipo mtu huanza kusikia maumivu yanayotoka kiunoni, yanapita kwenye tako na kushuka mguuni kama umeme. Si kulogwa, wala si baridi iliyoingia mwilini.

Fanya jaribio hili nyumbani. Chukua bido la lita 5 lililojaa maji. Lishike likiwa limekaribia tumbo lako, uhesabu mpaka thelathini. Halafu nyosha mikono mbele na ulishike hapo, uhesabu tena. Maji hayakuongezeka, lakini mgongo na mabega yatakuambia kwamba bido limekuwa zito. Sababu ni hii: misuli inayouvuta mgongo wako iko nyuma kidogo tu ya pingili, kama sentimita 5. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako, misuli hiyo inalazimika kuvuta kwa nguvu mara kumi ya uzito wa mzigo. Bido la lita 20 likiwa mbali namna hiyo, misuli inavuta kama kilo 200. Ukilisogeza mpaka sentimita 25, inavuta kilo 100. Na hapo hatujahesabu uzito wa kifua na kichwa chako, ambavyo navyo vimeinama.

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili: mzigo uwe karibu na mwili. Watu wengi wameshasikia kwamba inafaa kupiga magoti na kunyoosha mgongo, nao wanapiga magoti vizuri kabisa, lakini gunia liko mbele ya magoti yao, mbali, na mgongo unaumia vile vile.

Basi kabla ya kuinua, simama kwanza. Usikimbilie. Usukume mzigo kwa mguu au kwa mkono ujue uzito wake, na uangalie njia utakayopita: kuna matope? kuna mtaro? mlango uko wazi? Weka miguu pande mbili za mzigo, mmoja mbele kidogo. Kunja magoti na nyonga, ushike kwa kiganja kizima na si kwa ncha za vidole, uuvute mzigo uguse mwili, halafu inuka kwa nguvu ya mapaja. Inua taratibu bila kushtua. Ukishasimama na unataka kugeuka, geuza miguu. Usikigeuze kiuno huku miguu imebaki pale pale, kwa maana kuinama pamoja na kujipinda ukiwa na mzigo ndiko kunakochana visahani.

Gunia haliinuliwi kutoka chini kwa mtu mmoja. Likiwa chini, lisimamisheni wawili, mlipandishe kwanza juu ya kitu chenye urefu wa kiuno, kama meza, ukingo wa lori au magunia mengine, ndipo mbebaji alichukue begani akiwa amesimama wima. Sehemu mbaya ya safari ni kutoka ardhini mpaka kiunoni. Ukiweza kuiondoa sehemu hiyo umeusaidia mgongo kuliko kwa njia nyingine yoyote. Kwa sababu hiyo, unapopanga bidhaa dukani au stoo, vitu vizito vikae usawa wa kiuno, na vyepesi ndivyo viwekwe chini kabisa na juu kabisa.

Mkiinua wawili, mmoja awe msemaji, na neno lijulikane kabla ya kugusa mzigo. Hapa Kampala jambo hili si dogo. Kwenye lori moja utamkuta Mkongomani, Mrundi, Msomali na Muganda. Mmoja anasema "tatu" akiwa na maana ya kuinua, mwenzake anangoja lije neno la baada ya tatu. Aliyewahi ndiye anayebaki na uzito wote. Kubalianeni neno moja. Waganda husema "situla", yaani inua, nalo linatosha.

Jambo jingine ni asubuhi. Usiku ukiwa umelala, vile visahani hunywa maji na kuvimba kidogo, na kwa muda wa kama saa moja baada ya kuamka huwa vimekaza na ni rahisi kuumia ukiinama. Mtu anayeamka saa kumi alfajiri na kurukia gunia anauingiza mgongo hatarini. Tembea kwanza kwa miguu kwenda kazini badala ya kupanda boda, zungusha mabega, anza na vitu vyepesi. Hali kadhalika ukiwa umekaa muda mrefu juu ya lori kutoka Masindi au Kasese, usishuke na kuanza kupakua papo hapo. Jinyooshe kwanza.

Miguuni, acha ndara. Wakati wa mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, ubao wa kupandia lori huwa kama sabuni. Anayeteleza na kilo 50 begani haumii mgongo peke yake. Mwagieni mchanga au majivu juu ya ubao, au mpigilie vipande vya mbao vya kukanyagia.

Sasa nitasema jambo ambalo wahubiri wa afya hawapendi kulisema. Hayo yote niliyoyaeleza ni kweli na yanasaidia, lakini hayatoshi. Watafiti wamelinganisha wafanyakazi waliofundishwa namna ya kuinua na wale wasiofundishwa, wakaona kwamba mafunzo peke yake hayapunguzi sana maumivu ya mgongo. Mbona? Kwa sababu uzito ni ule ule na idadi ya mizigo ni ile ile. Hakuna namna nzuri ya kubeba gunia la kilo 100.

Tuhesabu. Lori la tani 10 lina magunia 100 ya kilo mia mia. Mkipakua watu wanne, kila mmoja amebeba magunia 25, yaani tani mbili na nusu, na pengine lori la pili linangoja barabarani. Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo mwaka 1967 kwamba mwanamume mzima asibebeshwe mara kwa mara zaidi ya kilo 55. Nchini Marekani, taasisi ya serikali inayochunguza afya ya wafanyakazi ilisahihisha hesabu zake mwaka 1991, ikaweka kilo 23 kuwa kikomo cha kuinua kwa mikono, na hizo ni pale ambapo kila kitu ni kizuri: mzigo uko karibu, uko usawa wa kiuno, una pa kushika. Kama umewahi kumsindikiza jamaa yako Entebbe akienda kuhamia nchi nyingine, umeiona namba hiyo hiyo 23 kwenye masanduku. Mashirika mengi ya ndege hutoza zaidi sanduku likizidi hapo, na likizidi kilo 32 hulikataa kabisa mpaka upunguze, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji wa uwanjani. Mgongo wa mpakiaji wa Kisenyi umeumbwa sawasawa na wa mpakiaji wa uwanja wa ndege.

Majirani zetu nao wameanza kushughulika na jambo hili. Tanzania inapiga marufuku lumbesa, yaani gunia lililoongezewa kilemba mpaka likapita kilo 100. Kenya iliweka kanuni mwaka 2019 kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Kanuni hizo zilitungwa hasa kumlinda mkulima asipunjwe, na bado wafanyabiashara wanazikwepa, lakini mbebaji naye anafaidika zikifuatwa. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde afya ya wafanyakazi wake. Najua utasema, mimi sina mwajiri, nina mtu anayenilipa kwa gunia jioni basi. Ni kweli. Ndiyo maana nasema nawe juu ya mambo unayoweza kuyapata bila kwenda mahakamani.

Msiende kazini mmoja mmoja. Mtu peke yake akisema gunia ni zito, huambiwa aondoke. Kikundi cha watu sita wanaojulikana kwa kazi nzuri, wasioiba na wasiochelewa, kinaweza kuzungumza na mwenye bidhaa: tutapakua lori lako kwa bei ile ile, lakini magunia ya kilo 100 tutabeba wawili wawili, au tutatumia toroli. Kwake hakuna hasara. Mifuko haichaniki, na lori linaondoka kwa wakati. Pale mnapolipwa kwa gunia, kubalianeni ninyi kwa ninyi kugawana sawa jioni. Vinginevyo kila mmoja atashindana kubeba mengi, na kijana wa miaka 22 atawaua wenzake wenye miaka 40 kabla hajajiua mwenyewe.

Halafu magurudumu. Ninyi mliotoka Goma hamhitaji kufundishwa. Chukudu ni mbao tu na magurudumu mawili, na linateremsha mizigo ambayo watu wanne wasingeweza kuibeba. Goma wamelijengea hata sanamu mjini. Hapa Kampala chukudu halina njia katikati ya magari na boda, lakini toroli na mkokoteni vipo. Kama mna likelemba, au upatu kama wengine mnavyouita, fikirini kununua toroli la kikundi kabla ya kila mtu kununua simu mpya. Mzigo mkubwa uweke juu ya gurudumu na si upande wa mikono, na daima usukume badala ya kuvuta. Kwenye mteremko, kama ule wa Nsambya, toroli liwe na watu wawili.

Kina mama, msidhani nimewasahau kwa kuwa nimezungumza juu ya malori. Familia ya watu 6, ikitumia lita 15 kwa kila mtu kwa siku, ambacho ndicho kiwango cha chini mashirika ya misaada yanachokifuata, inahitaji lita 90. Hayo ni mabido manne na nusu ya lita 20, kila siku. Kwa siku 30 ni kilo 2,700. Umeona? Kwa mwezi mmoja umebeba zaidi ya mgao wa yule mpakuaji wa lori, na wewe hukulipwa.

Mwaka 1986 wanasayansi, akiwemo Profesa Maloiy wa Nairobi, waliandika katika jarida la Nature juu ya kina mama wa Kenya: Wajaluo wanaobeba juu ya kichwa, na Wakikuyu wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa paji la uso. Walipowapima pumzi wakiwa wanatembea, waliona kwamba mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuongeza nguvu inayotumika, kana kwamba hawakubeba kitu. Ukizidi hapo, mwili huanza kulipa. Sasa mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Bido la lita 10 liko ndani ya kiasi hicho. Bido la lita 20 liko mbali nje yake. Kwa hiyo kama kisima kiko karibu, safari mbili za lita 10 ni bora kuliko moja ya lita 20, hata kama majirani watacheka. Kama unabeba kwa mikono, chukua mabido mawili madogo, moja kila upande, usiegemee upande mmoja.

Lakini kina mama wale walianza tangu utotoni. Mwanamume au mama wa mjini anayeanza kubeba kichwani akiwa na miaka 30 asidhani shingo yake itakubali kwa wiki moja. Tumia kata nene ya kitambaa au majani ya migomba, ile ambayo Waganda huiita enkata, na usijitwike peke yako. Mwite mtu akutwike. Mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 30 asipewe bido la lita 20, maana ni theluthi mbili za mwili wake. Mpe la lita 5, na aende mara chache. Mwenye mimba, na aliyejifungua ambaye hajafikisha wiki sita, aachiwe mizigo na wengine wa nyumbani, wanaume wakiwemo. Kubeba vizito wakati huo kunaweza pia kushusha kizazi, na wengi hukaa na shida hiyo miaka kwa sababu ya aibu.

Neno juu ya mikanda. Wengine wamenunua ile mikanda mipana ya kufunga kiunoni. Mwaka 1994 taasisi ile ile ya Marekani niliyoitaja iliipima ikasema hakuna ushahidi kwamba inamkinga mtu ambaye bado hajaumia. Ubaya wake ni kwamba ukishaufunga unajiona una nguvu, ukaongeza gunia. Hali kadhalika vidonge vya maumivu. Diklofenaki inayouzwa kama pipi, ukimeza asubuhi ili uweze kubeba, inanyamazisha kengele lakini moto unaendelea kuwaka. Na ukiimeza siku nyingi bila chakula itakutoboa tumbo.

Ukiumia, acha kazi siku hiyo. Usilale kitandani wiki nzima. Zamani tuliambiwa tulale juu ya ubao, lakini siku hizi imejulikana kwamba kulala sana kunachelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili kama maumivu ni makali, weka kitambaa cha moto, halafu uanze kutembea nyumbani, kidogo kidogo, hata kama panauma. Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Usikubali mtu akukanyage mgongoni au akuchome sindano asiyoweza kukuambia jina lake.

Zipo dalili ambazo hazingoji. Kama miguu inalegea au unashindwa kuinua kidole gumba cha mguu, kama sehemu unayokalia na katikati ya mapaja imekufa ganzi, kama mkojo haushikiki au umegoma kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Ukichelewa, mguu au kibofu huenda visirudi tena. Na kama mgongo unauma usiku na mchana bila kujali umebeba au hukubeba, na unakonda, una homa, unatoka jasho usiku, au nundu imeanza kutokea, huenda ni kifua kikuu cha mifupa. Wengi hudhani ni kazi ngumu, kumbe ni ugonjwa wenye dawa, na dawa zake katika Uganda hutolewa bure.

Vituo vya afya vya serikali, kama kile cha Kisenyi, Kawaala, Kisugu au Kitebi, humpokea mkimbizi sawa na mwenyeji. Malipo katika vituo vya serikali yaliondolewa mwaka 2001, ingawa unaweza kuambiwa dawa fulani zimekwisha ukanunue nje. Chukua kitambulisho chako cha ukimbizi. Kama Kiingereza na Kiganda vinakusumbua, nenda na mtu wa kukutafsiria, na umweleze daktari kazi unayofanya, unabeba nini, kilo ngapi, mara ngapi kwa siku. Usiseme tu "mgongo unauma". Wakikuandikia kwenda Mulago, usiikunje ile karatasi ukaiweka chini ya godoro.

Sasa tusogeze benchi. Kuna mabido mawili pale mlangoni na gunia la maharage la kilo 50 tuliloazima kwa jirani, nalo lazima lirudi kwake salama. Tutainua kila mmoja mara moja, tukiangaliana. Wewe unayesoma nyumbani, tafuta mwenzako akuangalie ukiinua bido la kwanza kesho asubuhi. Nani anaanza hapa?